Herufi Mbili za Jina la Hélène

Alhamisi. Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi na sijavua koti. Lakini uzito nilio nao si wa baridi.

Leo nimempata Hélène.

Ni mke wa Papa André. Walipotezana wakikimbia Kongo. Papa André aliishi Mantapala, kambi ya wakimbizi huku Zambia, na mara kwa mara alikuja hapa Nchelenge, kwenye ofisi yetu ya kutafuta waliopotezana, nimtafutie mke wake. Kompyuta yetu hutuma ombi kwenye mfumo wa wenzetu wa Lubumbashi, nao unarudisha jibu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: jina halipo. "Papa, hakuna," nilimwambia. Mara ya mwisho alinishukuru, akavuka ziwa kurudi kijijini kwao Kongo.

Leo niliwaomba wenzetu wanionyeshe jina linavyowafikia. Niliona "HÃ©lÃ¨ne". Kichwa cha ombi letu, yaani maelezo yanayolitangulia, hakikusema herufi zimeandikwa kwa mfumo gani, basi mashine yao ikakisia, ikakosea, ikatafuta jina lisilokuwepo. Nikaongeza kwenye kichwa hicho maelezo mafupi tu ya kutaja mfumo wa herufi: charset=utf-8. Nikatuma tena.

Yuko hai. Anaishi Lubumbashi kwa dada yake.

Nilishuka mbio hadi ufukoni kumtafuta Mama Béa, mchuuzi wa samaki anayetoka kijiji kimoja na Papa André, ampelekee habari. Nilimkuta akifunga mizigo.

"Papa André?" Akaacha kamba. "Ule alishalilia bibi yake. Walifanya matanga, akanyoa na kichwa."

"Mama, bibi yake ni muzima."

"Sasa nani alimuambia alikufa?"

Nilitaka kujitetea. Sikusema amekufa, nilisema jina halipo. Lakini mtu aliyesubiri vile, ukimwambia hakuna, aelewe nini kingine?

"Ni miye, mama."

Akarudia kamba yake.

"Ile maneno miye sitaibeba. Utaenda kuisema weye mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nimekaa na begi langu miguuni, sijui nitaanzia wapi. Niseme kwanza kosa letu, au kwanza mke wake? Nafikiria uso wa Papa André mbele ya watu waliomlilia Hélène pamoja naye.

Boti la Mama Béa linarudi kijijini kwao kesho asubuhi, na nafasi amenipa. Nitamwambia Papa André kwanza kwamba Hélène yuko hai. Kisha nitakaa pale pale mpaka amalize kuniuliza yote.