Tangazo la Dawa ya Kwelea Kwelea

Jumapili, Kilosa. Ukungu ulikaa mlimani mpaka saa nne, kisha jua likatoka kama vile hakuna lililotokea duniani. Kanisani sikwenda. Nimetoka Msowero jioni hii na viatu bado sijavua.

Leo ni wiki ya tatu tangu tumzike mama.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mdogo wangu aliyeko Mikumi akinipigia, najikaza kisabuni na kumuuliza kama amekula. Yeye anajua mama alikufa kwa pumu. Cheti nacho kinasema pumu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuyaweka maneno ya kitaalamu ya viuatilifu katika Kiswahili, kwa ajili ya mradi mmoja wa kilimo hapa wilayani. Watu wanasema dawa, sisi tunasema viuatilifu. Watu wanasema sumu imekuingia, sisi tunasema mfiduo. Nazipenda istilahi, siwezi kudanganya. Naweza kubishana nusu siku juu ya tofauti ya hatari na kihatarishi: kwamba sumu iliyofungiwa kabatini ni hatari, lakini kihatarishi unakipima kwa kuangalia itamfikia nani, kwa njia gani, na kwa kiasi gani. Nilidhani nikishalipata neno sahihi, nimeshawakinga watu.

Kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walipovamia mpunga msimu huu, ikaamuliwa dawa ipulizwe kwenye matete wanakolala. Tangazo niliandika mimi. "Wananchi waepuke mfiduo wa viuatilifu kwa njia ya mdomo, ngozi na hewa, ikiwemo mabaki yaliyomo katika viumbe vilivyolengwa na visivyolengwa." Mkuu wangu alilisoma mara mbili, akasema, hapo sasa umeiva. Nikavimba kichwa wiki nzima. Hata kwenye status niliweka.

Na kwelea kwelea ni kitoweo, nani asiyejua? Baba alipotuhamishia Msowero na ng'ombe wake kutoka Usukumani, tulikuwa tunawatega kwa wavu, mama anawakaanga na chumvi mpaka mifupa inatafunika. Sasa safari hii wanaanguka wenyewe, mamia kwa mamia. Nani angewaacha chini? Nilijua kabisa kwamba wataokotwa. Sikuandika kwa sababu niliona ni jambo la jikoni, halina sura ya kitaalamu.

Asubuhi walipoanza kuanguka, mama alinipigia nikiwa kikaoni. Nikamwamkia harakaharaka. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa ndege walioanguka huku, wanaliwa?"

"Mama, niko kwenye kikao. Yote yapo kwenye tangazo, pale ofisi ya kata."

"Haya mwanangu. Fanya kazi."

Sikumpigia tena siku ile. Ningependa kusema nilibanwa na kazi. Nilisahau tu.

Waliokula naye walitapika, wakaharisha, wakapona. Mama alikuwa na pumu ya miaka mingi. Alifikishwa hospitali akitokwa na mate, kifua kimembana, na siku ya pili akafariki. Daktari aliniambia kwa upole kwamba dawa ya namna ile hubana kifua, kwa hiyo huenda wale ndege walichangia, ila hawezi kusema kwa kiasi gani. Hilo nalo lina istilahi yake, na niliitafsiri mwenyewe: ukosefu wa uhakika. Ipo kwenye faharasa yangu, herufi U. Nimeitazama sana wiki hizi na haijanipunguzia chochote.

Leo nilikwenda kufunga nyumba. Jirani yetu, Mama Shija, alikuja kunisaidia kukunja nguo za mama. Nikamuuliza kile nilichokuwa naogopa kuuliza msibani: mama alifika ofisi ya kata siku ile?

"Alifika. Tulikwenda wote. Mimi kusoma sijui, yeye alilisoma lote polepole, kwa kidole. Akamaliza, akarudia tena. Akasema, Mama Shija, humu hakuna palipoandikwa ndege. Twende tukaokote. Kungekuwa na ubaya, mwanangu angeniambia."

Akaendelea kukunja kanga. Hakuwa ananilaumu. Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Njiani nimelifungua tangazo kwenye simu na kulisoma kama alivyolisoma yeye, neno kwa neno. Ni kweli. Ndege hawamo.

Keshokutwa wanapuliza dawa Mvumi. Tangazo jipya nimeshaliandika: "Ndege waliokufa kwa dawa hawaliwi. Hata ukiwaosha hawaliwi. Hata ukiwakaanga mpaka wakauke hawaliwi. Usimpe mbwa, usimpe kuku. Mwambie na jirani yako."

Mkuu amejibu sasa hivi kwamba hii ni lugha ya sokoni, niirekebishe.

Siirekebishi. Anifukuze akitaka. Kesho saa mbili nitakuwa Mvumi, nyumba kwa nyumba, na simu nitaiacha wazi. Mama wa mtu yeyote akinipigia, nitatoka kikaoni.