Kwa Yusuf, Kabla Hujatia Saini

Mwanangu Yusuf,

Ijumaa ulinipigia kutoka huko Marekani ukanisimulia juu ya mbwa wa jirani yako mpya aliyeiba kiatu chako mlangoni. Tulicheka. Nikakuuliza umekula nini, ukanijibu, kisha ukasema, "Mum, guess what, yule mbwa wa jirani!" Ukaanza upya, kwa kicheko kile kile, kana kwamba hujawahi kunigusia habari hiyo. Nilicheka tena ili usishtuke. Simu ilipokatika nikakaa kwenye ngazi.

Naogopa, mwanangu. Kwenye simu huwa unaniwahi na "I'm fine, Mum," kabla sijamaliza kuuliza. Barua huwezi kuikatiza. Najua utaisoma polepole, maana Kiswahili chako ni cha kusikia.

Unakumbuka ulivyokuja nyumbani hapa Kingstanding, mwaka wako wa kwanza chuoni kule Selly Oak, upande wa pili wa jiji, ukasema umepata mchezo, mpira wa Kimarekani? Kandanda yetu ilikuwa imekukataa tangu shule. Kila mwalimu alikuweka golini kwa kuwa ulijaza nusu ya goli. Nikakuuliza ni mchezo gani huo wa Wamarekani ambao mchezaji hagusi mpira. Ukapanga vyombo mezani. Kikombe ndiye mrushaji wa mpira, kopo la sukari ndiye wewe, na kazi yako ni kumzuia kila anayetaka kumwangusha mrushaji.

"Kwa hiyo wewe ni bawabu," nikasema.

"Basically, Mum," ukajibu, huku unamega anjera nyingine, chapati zetu za maji.

Mechi ya kwanza nilikuja na sauti yangu yote. Mlipoinama kwenye mstari uwanja ukawa kimya, nami nikaona ni aibu mwanangu asishangiliwe. Nikapiga vigelegele. Ukaruka kabla ya wakati, refa akatupa kitambaa cha manjano, timu yenu ikarudishwa nyuma, na vijana wakawa wanageuka kutafuta ambulensi imeingilia wapi. "Mum, tukiwa na ball sisi, unanyamaza. Wakiwa nayo wao, piga kelele utakavyo." Mimi nilidhani kushangilia ni kushangilia tu.

Kisha Wamarekani wakakuchukua. Nimekufuata kwenye televisheni msimu baada ya msimu, kutoka benchi hadi ukawa wa kutegemewa upande wa kushoto wa mstari. Nilijifunza kutoutazama mpira. Watu wote wanaufuata unaporuka, mimi nakutazama wewe, na ndiyo maana nimeona asiyoyasema mtangazaji, ambaye anakutaja pale tu unapokosea. Watu huwaogopea wale wanaotolewa kwa machela. Wewe hujabebwa hata mara moja. Wewe unagonga kichwa kidogo tu, unainuka, unainama, unagonga tena. Kidogo kidogo hivyo, miaka yote hii.

Na bado wanakutaka. Mwisho wa simu ile ile uliniambia kuna mkataba mpya, wa miaka mingine, na kwamba utatia saini wiki ijayo. Kisha ukasema lile unalosema kabla ya kila mtihani, kila safari, na siku ile ya kupasuliwa goti: "Niombee, Mum." Ukangoja kwenye simu ili uitikie amin, kama kawaida yetu. Hujawahi kufanya jambo kubwa bila dua yangu, na mimi sijawahi kukunyima. Safari hii niliinua mikono, nikaishusha. Nikasingizia mtandao, nikasema nitaomba baadaye.

Nimeomba leo, baada ya swala ya adhuhuri. Sikuuombea heri mkataba wako. Nimeomba wakukatae. Nimeomba daktari wao asikie nilichosikia mimi, wachane karatasi zao, wakuambie asante, nenda kwenu. Nimemwomba Mwenyezi Mungu akunyime kitu unachokitaka kuliko vyote, na amin nimeitikia mwenyewe.

Utakasirika, na ni haki yako. Nipigie, unifokee kwa Kiingereza chako chote. Halafu nipigie tena kesho yake, na uwe bado unakumbuka ni kwa nini umenikasirikia.

Ni mimi,
mama yako