Mkwe Wangu Alikoroga Chungu Changu

Mpendwa Bi Drusilla, naomba msaada, na usianze kunihurumia maana sijafa, nina hasira tu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, shule niliiacha darasa la tano kabla haijaniacha yenyewe, lakini kwa mchuzi wa kondoo wa chungu cha chuma, kile cha miguu mitatu, hapa Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, hakuna wa kunifundisha. Kila Julai theluji ikishika milima na mabomba yakiganda, kanisa zima linakula uani kwangu, na sheria ni ile ya babu: nyama chini, kitunguu juu yake, viazi, karoti, kabichi juu kabisa, funika, kaa, mtu asitie mwiko humo mpaka kiive, maana kikikorogwa kinakuwa uji wa wagonjwa, na mfuniko anaufungua mwenye chungu peke yake.

Sasa Jumamosi iliyopita watu wamejaa, mchungaji yupo na blanketi lake, mimi nawasimulia jinsi mchungaji wa zamani alivyotumbukia kwenye josho la kondoo, mara mkwe wangu Mokete, ambaye binti yangu Verna alimwokota huko Lesotho akaniletea kama zawadi, akainuka, akafunua chungu changu, akachukua mwiko, akakoroga. Mbele ya wazee wa kanisa! Nikamwuliza nani kamtuma, akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi, "Baba, kinaungua." Nikamwambia kinachoungua ni akili yake, nikamwita mchunga mbuzi, nikasema kwao wanakoroga kila kitu kwa sababu hawana cha kupanga chunguni, nikampokonya mwiko nikautupa motoni, watu wakacheka, yeye akachukua kofia yake. Verna akafunga mtoto mgongoni akaniambia, "Jumapili ijayo mtoto anabatizwa, na atakayepika ni Mokete. Ukitaka kuja, umwombe radhi kwanza mbele ya hao hao waliocheka. Hutaki, baki na chungu chako."

Hapa ndipo panaponiuma, na ukichapa hili jina langu ulifiche. Kilikuwa kinaungua kweli. Verna na mumewe walipoondoka nilipakua, nikakuta nyama ya chini imeshika, nyeusi kama mkaa, wageni wakala ile ya juu iliyoinuliwa na mwiko wake. Tangu mafua ya mwezi wa tano pua yangu imekufa, sisikii harufu ya kahawa, sisikii moshi, sisikii hata soksi zangu, na sijamwambia mtu, maana anayepika bila kufunua anapika kwa pua, sasa asiye na pua ni mpishi gani? Nikikiri, watanipa sufuria za kuosha. Nisipokiri, mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa bila mimi. Nifanye nini, na usiniambie nisali, nimeshajaribu.

Mwenye Chungu, Karoo

JIBU

Mwenye Chungu, jina lako umelificha vizuri, halafu ukamtaja binti na mkwe, kwa hiyo mji mzima umeshakujua. Umenipunguzia kazi.

Pole kwa pua. Pole imekwisha, sasa nisikilize. Hukuukasirikia mwiko. Ulikasirika kwa sababu kijana alinusa kile ulichoshindwa kunusa wewe, ukaona heri umtukane yeye na kwao kuliko kusema, "Naumwa." Na hao waliocheka walikula nini jioni ile? Walikula alichookoa yeye. Huoni haya?

Usinitajie babu. Hata mimi nimelelewa na chungu hicho, na marehemu mama hakukoroga maisha yake yote. Lakini babu yako alipokataza mwiko alikuwa na pua inayofanya kazi. Wewe huna, na bado unakataza. Hiyo si mila, mzee wangu, hiyo ni jeuri, na inachoma nyama ya watu.

Leo hii, si kesho, vaa koti uende kwa Verna. Usitume mtu, usitangulize paja la kondoo. Mwambie Mokete: "Mwanangu, nisamehe. Ulisema kweli, nami sisikii harufu." Ukinyamaziwa, nyamaza nawe, usilete hadithi ya josho. Jumapili wahi kabla ya kengele, useme maneno hayo hayo mbele ya wazee wa kanisa, umesimama, kofia mkononi. Jumatatu nenda zahanati wakaiangalie hiyo pua.

Na chungu siku hiyo ni cha Mokete. Akikoroga, akoroge. Wewe menya viazi, umshike mjukuu, ule utakachopakuliwa. Mtu akikuuliza kama mchuzi umekolea, usijitie kujua. Mwambie akamwulize mpishi.