Taa Niliyoizima

Soy, nje ya Eldoret. Jumanne, Agosti 1974

Na huyu jirani yangu Mama Rono bado ananiudhi. Amekuja eti kumpa mume wangu pole ya safari, kumbe anataka kuona kama mgonjwa anang'aa. "Nasikia hiyo dawa ya Nairobi inamulika mtu kwa ndani." Hata chai aliikataa, kwa sababu maziwa yamekamuliwa na mgonjwa mwenyewe, Baba Chebet wangu.

Nilimwambia ile sindano aliyodungwa hospitalini ni ya kusaidia mashine. Dawa inafika kwa ubongo, mashine inaiona na kuchora picha, halafu dawa inatoka mwilini. Sikumwambia kwamba daktari alituonyesha doa kwenye hiyo picha, upande wa kushoto. Tangu mume wangu aanguke zizini nilikuwa na wasiwasi. Sasa naogopa.

Baada ya chakula nikafanya upuzi. Nikazima taa, nikamtazama.

"Nang'aa?" akauliza.

"Sikuoni hata kidogo."

Tukacheka. Nikakumbuka usiku wetu wa kwanza hapa, baada ya kununua shamba hili la mzungu pamoja na wenzetu. Hatukuwa na mafuta ya taa. Tulikaa juu ya magunia, naye akawa ananionyesha gizani: pale zizi, pale jikoni, pale miti ya kukinga upepo. Sikuona kitu, lakini nilimwamini. Na yote yapo leo.

Nikangoja anionyeshe kitu kingine.

"Washa taa, Mama Chebet," akasema.