Mti wa Pea Wenye Rovu

Jumatatu, 7 Juni 1993

Nimechota maji, nimekata majani ya ng'ombe, nimechelewa namba shuleni. Fimbo mbili. Sikulia.

Kilichonichelewesha ni bibi, mama yake baba. Alikuja asubuhi kumwambia mama kwamba kwenye ukoo wao mke anayedai talaka huondoka na alichokuja nacho. "Ulikuja na jembe na tunga la kubebea mazao," alisema. "Vichukue."

Mama alimjibu kwa heshima kwamba shamba la pea haliachi.

Baba anaishi Mombo na mwanamke mwingine, mwaka wa nne sasa. Hakuwa na habari na hizo pea mpaka malori ya Dar yalipoanza kuzifuata hukuhuku mlimani.

Nina hasira na bibi. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Alhamisi, 10 Juni

Nilibaki darasani kumuuliza mwalimu wa Uraia. Sikusema ni mama yangu. Nadhani alijua. Alisema Sheria ya Ndoa haimuulizi mke alikuja na nini. Inauliza wawili walichuma nini pamoja, na kila mmoja aliweka nguvu gani. Nguvu ya jembe nayo imo. Nikaandika yote.

Nilimsomea mama jikoni. Alitaka nirudie mara tatu. Kisha akasema, "Basi sikuwa mjinga."

Jumanne, 22 Juni

Mahakama ya mwanzo. Mara ya kwanza mama alirudishwa kwa kukosa hati ya Baraza la Usuluhishi. Sasa anayo. Inasema baraza limeshindwa kuwapatanisha.

Baba alivaa koti jipya. Nilimwamkia. Aliitikia akitazama viatu vyangu. Mbele ya hakimu alisema kila mti wa pea aliubebesha yeye kwa mkono wake, yaani aliunganisha kitawi cha pea bora kwenye shina lake.

Uongo.

Mama aliomba kitu kimoja tu: waende shambani wakaone. Hakimu akakubali.

Ijumaa, 2 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Hakimu alikuja na wazee wake wawili wa mahakama, suruali zimelowa mpaka magotini.

Kuna mti mmoja kule chini ambao shina lake limevimba kama rovu. Mama alipoubebesha aliufunga kwenye kiungo ili kishike, akasahau kufungua, na gamba likameza alichofungia. Miaka yote baba alimcheka kwa mti huo. Mama aliuonea aibu, akiupita haraka.

Hakimu alisimama palepale, akaelezwa kwamba kifungo bado kimo ndani. Mama akaambiwa asogee mbali. Baba akaulizwa aliufunga kwa kitu gani.

"Kamba ya mgomba, mheshimiwa. Wote huku tunafungia hiyo."

Akaitwa mama.

"Kitenge cha kwaya," alisema. "Cha bluu. Nilichana upindo."

Mzee mmoja akatoa kisu, akachanja gamba. Kitambaa kilitoka kidogo kidogo, kimeoza, lakini bluu. Mzee akamgeukia baba taratibu. "Mgomba wa bluu, bwana, unaota wapi?"

Nilicheka. Baba akanitazama. Sikuinamisha macho.

Jumatano, 11 Agosti

Hukumu. Talaka imetolewa. Sehemu ya juu ya shamba, yenye kahawa, ni ya baba. Nyumba na shamba la pea ni vya mama. Hakimu alisema kupalilia, kubebesha na kulea ni mchango.

Baba anasema atakata rufaa wilayani. Akate. Nimeandika kila kitu.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya ibada mama alinipa kisu. Nimebebesha mti wangu wa kwanza, jirani na ule wenye rovu. Nimefunga kwa upindo wa sketi yangu ya zamani ya shule.

Bibi alipita njiani na tunga lake kichwani. Nikamwambia shikamoo. Alisimama kidogo, akaitikia, akaenda zake.

Nimefunua mbele kwenye daftari hili, ukurasa mtupu, nikaandika: mwezi wa kumi, kufungua kitambaa.