Kimya Nilichokuachia kwenye Kaseti

Kenton, London

Mdogo wangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute barazani, goti lako limetulia. Mimi mzima, ila kifua hunipa habari ya baridi kabla ya redio kuitangaza. Daktari amekataza safari ndefu, kwa hivyo usiniulize tena kama nitakuja Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Kumbe Mzee Haji ametutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho huko aliyeweza kuiongoza kasida ya baba. Umeniomba niiandike kwa noti, kwa kuwa nilijifunza noti kwenye kilabu cha taarabu, ili vijana wa madrasa waisome maulidini isije ikapotea. Karatasi hizo hutazipata. Usikasirike mpaka ufike mwisho.

Kila Alhamisi mchana maktaba ya hapa ina darasa la wastaafu, juu ya historia ya muziki wa Wazungu. Naenda na Kantibhai, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la vitambaa hapa mtaani. Mwalimu ni mama wa Kiingereza, Bi Margaret, anayefundisha kwa santuri. Siku ya kwanza alitusikilizisha watawa wa kale: wanaume peke yao, sauti moja, bila ala, wakiyavuta maneno ya sala bila haraka. Kantibhai akaninong'oneza, "Mzee Salim, kumbe hawa nao walikuwa na maulidi yao! Kasoro halua tu."

"Wewe hata kwetu ulikuwa ukifuata halua," nikamwambia.

Watawa wale, alisema Bi Margaret, walijifunza kwa masikio miaka na miaka. Baadaye wakatia alama ndogo juu ya maneno, kuonyesha sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Alama hizo hazikumfundisha asiyejua; zilimkumbusha anayejua. Mistari ya kupangia alama hizo ilikuja baadaye, na hapo mtu akaweza kuimba asichowahi kukisikia.

Hilo la mistari ndilo lililonipa tamaa. Nikaiandika kasida yote, ubeti kwa ubeti, nikampelekea Bi Margaret aipige kwenye piano. Aliipiga bila kosa. Kantibhai, anayenisikia nikiighani dukani kwake kila siku, akageuka: "Mzee, huyo ni baba yako au jirani yake?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikuweza. Ile sauti ambayo baba alikuwa akiiegemea kabla ya kushuka, piano haina. Iko baina ya funguo mbili. Nami nilijua. Kilabuni karatasi ilikuwa mbele yetu, lakini vidole vya mpiga fidla ndivyo vilivyojua pa kukanyaga. Miaka ishirini na zaidi tangu nitoke huko baada ya Mapinduzi, nimeimba peke yangu mpaka nikadhani karatasi inatosha.

Bi Margaret naye hakucheka. Aliweka kidole kwenye nafasi niliyoiacha tupu mwisho wa ubeti.

"Na hapa?"

"Hapa wanawake huitikia."

"Huitikia vipi?"

Nikamwambia sijui, Zuhura. Kila maulidi nilikaa mbele, pamoja na baba na wanaume, nawe ulikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, ubavuni mwa mama. Kiitikio chenu kilipoanza, mimi nilikuwa navuta pumzi ya ubeti unaofuata. Sikukisikiliza hata mara moja. Nusu ya kasida ya baba sijapata kuwa nayo.

Tuliendelea na masomo. Wazungu waliongeza sauti ya pili juu ya ile moja, kisha ya tatu, ya nne, mpaka wengine wakalalamika kuwa maneno yamezama. Huko Italia, mjini Florence, mabwana fulani wakawa wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wakitaka mwimbaji mmoja, ala chache za nyuzi chini yake, na neno lisikike. Ndipo ikazaliwa opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Katika zile za mwanzo kuna kisa cha mwimbaji aliyeshuka kuzimu kumrudisha mkewe kwa wimbo. Akageuka kutazama nyuma, akampoteza. Kantibhai, anayejua nilivyoacha kwetu, alinitazama, mara hii bila mzaha, nami nikatazama dirishani.

Basi anayekuletea barua hii atakupa na kaseti. Nimeisoma kasida kwa sauti yangu hii ya uzee, na mwisho wa kila ubeti nimenyamaza. Usidhani kaseti imeharibika. Hapo ni pako. Waketishe vijana, wasichana pia, na nikinyamaza uitikie kama mama. Wajifunze kwako na kwangu, kwa masikio. Kisha turekodini sote, mimi wa kaseti nanyi, kwenye kaseti nyingine, uniletee. Nataka kukisikia kiitikio chenu mara moja kabla sijafa.

Nisalimie shemeji, na mwalimu wa madrasa, na shangazi yetu ambaye naambiwa bado anakataa miwani.

Kila kimya nimekipima kwa pumzi nne, kwa kukisia tu. Nikiwa nimekosea, izime kaseti uitikie mpaka umalize, ndipo uiwashe. Mimi nitangoja.

Kaka yako,
Salim