Dawa ya Yunisi Haikai na Migebuka

Mama, shikamoo.

Leo jioni utamchoma Yunisi wewe, maana boti ya Mwamgongo hainirudishi mpaka kesho. Chupa mpya ya dawa yake ya kukua ipo kwenye friji, rafu ya kati. Ingiza maji yake ya kuchanganyia polepole, kisha izungushe viganjani mpaka unga uyeyuke. Usiitikise. Vuta kipimo kilekile cha kila siku. Leo ni zamu ya paja la kushoto. Inayobaki irudi rafu ileile, isiende tena kwenye friza na samaki wako, migebuka. Ikiganda haifai.

~~Ungeniuliza kwanza.~~ Hapana, hilo nimelifuta. Umeme ulikatika, ukaona barafu ya samaki ndiyo itaiokoa dawa ya mwanao, nami asubuhi nikakufokea mbele yake. Nilianza kukutungia shairi la kuomba radhi. Vina vilikubali, ila kila ubeti ulikuwa unanisifu mimi. Nimelichana. Nisamehe, mama.

Na sindano usiiogope. Nilipomuaga Yunisi nilimpa pole ya sindano ya jioni, akacheka: "Afadhali leo ni Mama. Wewe kaka unanichoma kama tunagombana."

Mwanao mkubwa,
Eliakimu